Jiko la Kuni na Matofali Yake: Uliza Yametoka Wapi

Mada kwa mama na baba lishe, waokaji wa mikate na mafundi majiko wa Kakola na vijiji vinavyozunguka mgodi wa Bulyanhulu



Nimepewa nafasi ya kuzungumzia sehemu ya jiko ambayo mnunuzi haioni tena akishalipa: kuta za ndani za chumba cha moto. Katika senta inayoishi kwa mgodi, jiko kubwa la kuni huwashwa kabla ya alfajiri ili wanaoingia zamu wapate chai na chapati, na huzimwa usiku. Ndani ya chumba kilichofungwa, chenye hewa inayopita vizuri, moto wa kuni unaweza kufika nyuzi 800 za Selsiasi au zaidi. Ukuta unaokaa katika joto hilo kutwa nzima, siku saba kwa wiki, lazima uwe wa kitu kinachojulikana.

Kazi ya kuta za ndani

Jiko la mkaa la bati lenye udongo ndani linatupa mfano ulio karibu. Udongo ule ukipasuka na kudondoka, bati huungua na kutoboka baada ya muda mfupi. Jiko la kuni la matofali nalo liko hivyo. Safu ya ndani hupokea moto, hubakiza joto chini ya sufuria, na huulinda ukuta wa nje usipasuke. Ndiyo sehemu inayochakaa, na fundi mwenye busara huijenga hivi kwamba inaweza kubomolewa na kuwekwa upya bila kuvunja jiko zima.

Aina tatu za matofali

Sokoni mtakutana na aina tatu.

Aina ya kwanza ni tofali la kawaida la kuchoma, jekundu, linalofyatuliwa vijijini kwetu. Hufaa kwa ukuta wa nje. Likitumika ndani litafanya kazi kwa muda, kisha litaanza kumenyeka na kupasuka. Asiye na uwezo wa kununua jingine achague yale yaliyoiva vizuri, yanayolia kama chungu yakigonganishwa, na alaze moja ndani ya ndoo ya maji usiku kucha. Likimong'onyoka, shehena yote haifai.

Aina ya pili ni tofali zito linalostahimili moto mkali. Kwa kawaida lina rangi ya maziwa au ya manjano hafifu, lina urefu wa milimita 230, upana wa 114 na unene wa 64 au 76, na lile la unene wa 64 huwa na uzito wa takriban kilo 3.5. Mengine hupigwa mhuri wa SK-32 au SK-34, yaani udongo wake huanza kulainika kwenye joto linalozidi nyuzi 1,700. Hili ndilo la chumba cha moto.

Aina ya tatu ni tofali jepesi, jeupe, lenye vitundu vingi, linalokatika kwa msumeno wa mkono. Nalo hustahimili moto, lakini kazi yake ni kuzuia joto lisipotee. Ukiliweka mahali kuni zinaposukumwa na kugonga, litalika upesi. Mahali pake ni nyuma ya safu ya tofali zito.

Rangi pekee haitoshi kuwa ushahidi. Muuzaji anayedai tofali lake ni la aina ya pili aoneshe mhuri, au karatasi ya kiwanda inayotaja kiwango cha joto.

Yametoka wapi?

Hapa ndipo ninapoomba usikivu wenu wote, kwa kuwa ukanda wetu wa dhahabu una hatari ambayo mpishi wa mikoa mingine huenda asikutane nayo.

Wachimbaji wadogo hukamatisha dhahabu kwa zebaki, na mchanga unaobaki kwenye mialo, tunaouita marudio, hubaki na sehemu ya zebaki hiyo. Mchanga huo ni laini, umekwisha kusagwa, na mara nyingi upo karibu. Kwa fundi anayetafuta mchanga wa kuchanganya na udongo, ni kishawishi kikubwa. Lakini zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, na hutoa mvuke hata kabla ya kufika hapo. Ukuta uliojengwa kwa marudio, ukipashwa moto, hupumua mvuke usio na rangi wala harufu ndani ya chumba ambamo mama anasonga ugali na mtoto amelala mgongoni. Zebaki huharibu mishipa ya fahamu na figo, na humdhuru mtoto aliye tumboni. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020 kwa sababu ya madhara ya namna hii.

Hatari ya pili ni matofali yaliyokwisha kutumika. Tofali la moto ni ghali, kwa hiyo lililotolewa katika tanuri la zamani na kuuzwa kwa nusu bei huonekana kama bahati. Muulize muuzaji tanuri hilo lilikuwa likichoma nini. Maabara zinazopima dhahabu kwa njia ya moto huyeyusha sampuli pamoja na oksidi ya risasi, na tofali lina vinyweleo vinavyonyonya. Tofali la tanuri hilo, au la mahali palipochomewa zebaki, halisafishiki kwa kuoshwa wala kwa kukwanguliwa. Risasi hudumaza akili ya mtoto, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Katika jambo hili rahisi huwa ghali, na anayelipa ni mtu ambaye hakuwapo wakati wa kununua.

Hatari ya tatu tunaiumba wenyewe: kuchomea dhahabu yenye zebaki kwenye jiko la chakula. Mvuke hupanda, sehemu yake huingia kwenye matofali na viungo vyake, na hutoka tena siku nyingine jiko linapopata joto. Jiko lililotumika hivyo hata mara moja lisipikiwe tena.

Mwenye shaka na jiko alilonalo aache kulipikia, asilibomoe ndani ya jengo na kutimua vumbi, na amwone Ofisa Mazingira wa Halmashauri ya Msalala kwa maelekezo.

Namna ya kujenga

Usiunge matofali ya ndani kwa saruji ya kawaida. Saruji hupoteza nguvu yake katika joto la nyuzi mia chache tu, kisha viungo huwa unga. Tumia udongo maalumu wa moto unaouzwa pamoja na matofali hayo. Ukikosekana, udongo wa kichuguu uliochekechwa, ukichanganywa na mchanga safi wa mtoni, umewafaa wengi. Kichuguu chenyewe kichimbwe mbali na mialo. Viungo viwe vyembamba, milimita 2 au 3, kwani tofali hudumu kuliko kinacholiunga.

Kati ya safu ya ndani na ukuta wa nje acha nafasi ya sentimita 3 hivi na uijaze majivu makavu. Majivu ya pumba za mpunga, yanayopatikana kwa wingi Kahama, huzuia joto vizuri sana. Nafasi hiyo pia huipa safu ya ndani mahali pa kutanukia. Mawe meupe ya kwarizi yasiwekwe chumbani humo, maana hutanuka ghafla yakipata moto na huweza kupasuka. Anayekata matofali ayaloweshe kwanza, kwa sababu vumbi lake huumiza mapafu kama la mgodini.

Jiko likikamilika, liache likauke wiki nzima. Kisha washa moto mdogo wa vijiti kwa saa moja au mbili, ukiuongeza kidogo kidogo kwa siku tatu au nne. Maji yaliyojificha ukutani yakigeuka mvuke kwa haraka hupasua hata tofali bora. Na kamwe usizime moto kwa kumwagia maji.

Hesabu yako na haki yako

Mita moja ya mraba, matofali yakisimamishwa kwa ubavu, hula takriban matofali 38. Chumba chenye upana wa sentimita 40, urefu wa 60 na kimo cha 40, ukijumlisha sakafu, kuta mbili za pembeni na ukuta wa nyuma, kina mita za mraba 0.88. Hayo ni matofali 34. Ongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya kukata na kuvunjika, utapata 37 au 38. Atakayekuambia ununue 100 akueleze mengine yanakwenda wapi.

Dai risiti inayotaja aina ya tofali, na andikiana na fundi: tofali gani, udongo wa wapi, na nani atarekebisha safu ikidondoka. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani. Bila karatasi ni vigumu kukusaidia.

Tukumbuke pia kwamba Serikali imezielekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku kuachana na kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa 2024 hadi 2034, unalenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania. Mwenye shule au kambi asiwekeze kwenye jiko jipya la kuni. Maelezo haya ni kwa wale ambao bado wanapika kwa kuni leo, ili wapike kwa usalama.

Ndugu zangu, kabla ya kuuliza bei ya tofali, ulizeni limetoka wapi. Asiyeweza kujibu, msinunue kwake.