Mahali pa Halojeni Katika Jedwali: Kutoka kwa Mendeleev Hadi Maji ya Arumeru



Tukianza somo la halojeni, wengi wetu walimu hutoa orodha: florini, klorini, bromini, iodini, astatini, na siku hizi tenesini, iliyopewa jina mwaka 2016. Mwanafunzi huikariri, mtihani ukiisha huisahau. Napendekeza tuanze na safu yenyewe, kundi la 17, tabia zifuate baadaye.

Mwaka 1869 Dmitri Mendeleev alikuwa akipanga elementi kwa uzito wa atomu. Kwenye teluri na iodini mpango ukagoma: kwa uzito, iodini ilipaswa kutangulia. Lakini iodini huungana na metali kama klorini na bromini zinavyoungana nazo, kwa hiyo akaiweka katika kundi moja nazo na kuamini kwamba uzito wa teluri ulipimwa vibaya. Mahali alipatia, sababu alikosea. Hadi leo teluri ni 127.6 na iodini 126.9. Ni kazi ya Henry Moseley ya eksirei, iliyoanza kuchapishwa 1913, iliyoonyesha kuwa kinachopanga elementi ni idadi ya protoni: teluri 52, iodini 53. Kisa hiki hakimo katika mazoezi mengi tunayowapa wanafunzi, nami naona ni hasara.

Halojeni zina elektroni 7 katika tabaka la nje, zinapungukiwa moja. Kinachozitofautisha ni ukubwa. Atomu ya florini ni ndogo, kiini chake kiko karibu na ukingo, hivyo huvuta elektroni kwa nguvu ya kutisha. Wakemia kadhaa walijeruhiwa, na wengine kufa, kabla Henri Moissan hajafanikiwa kuitenga mwaka 1886. Tukishuka safu, mvuto hupungua: klorini huitoa bromini katika chumvi zake, bromini huitoa iodini, na si kinyume chake.

Ukubwa huo huonekana hata vinywani mwa watu. Miamba ya volkano ya Mlima Meru, kaskazini mwa Tanzania, huachia floraidi majini, na maji yenyewe yana kalsiamu kidogo ya kuituamisha. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Vyanzo kadhaa vya maji vya Arumeru, eneo lililo chini ya mlima huo, huzidi hapo. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake yanaundwa anaweza kubaki na madoa ya kahawia maisha yake yote. Ioni ya floraidi inalingana kwa karibu na haidroksili iliyomo katika madini ya meno na mifupa, basi huchukua nafasi yake. Kloraidi, iliyo kubwa zaidi, haiingii kwa urahisi huo.

Mabadilishano hayohayo ndiyo yanayotumika katika chujio la mkaa wa mifupa la kuondoa floraidi majini, lililofanyiwa utafiti kwa miaka mingi huko Ngurdoto. Mifupa ya ng'ombe inapatikana kwa mchinjaji yeyote. Kazi iko kwenye tanuri: moto ukizidi, mkaa hushika floraidi kidogo. Shule ikipata maabara ya maji ya kuipimia sampuli, darasa linaweza kulinganisha mkaa wa moto wa wastani na ule ulioungua mpaka ukawa mweupe.