Dhiki na Utungo

Wako watu wasemao ya kuwa taabu ndiyo izaayo mashairi na nyimbo. Mimi siwafuati. Mji wetu huu wa Morogoro wamkumbuka Mbaraka Mwinshehe, aliyepiga gitaa katika Morogoro Jazz kabla ya kuianzisha Super Volcano mwaka 1973. Wimbo wake "Shida" wataja dhiki tangu jina lake, walakini watu waliucheza, maana vidole vya mpigaji vilikwisha kuijua kazi. Shida tunazo sote. Gitaa la namna ile tulilisikia kwa mmoja.

Tazameni tena huko Mombasa. Abdilatif Abdalla alitiwa gerezani mwaka 1969 kwa ajili ya waraka wake "Kenya: Twendapi?", akafungwa miaka 3, muda mrefu akiwa peke yake. Akaandika mashairi kwa siri juu ya karatasi za chooni. Je, ni gereza lililompa vina na mizani? Hasha! Hivyo alikwisha kuvipata kwao, katika jamaa yenye washairi. Gereza lilimpa neno la kusema, na saa nyingi mno za kulipima.

Mashairi yale yalipigwa chapa mwaka 1973, kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata yakapewa Tuzo ya Jomo Kenyatta, yaani jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mtungaji.