WIMBO ULIPOIMBWA, ALIAMBIWA NANI?



Tumepewa nafasi ya kuzungumza juu ya jambo ambalo, likiwekwa kando ya katiba na uchaguzi, laweza kuonekana dogo. Jambo lenyewe ni hili: mtunzi anapoimba akamwambia mtu "wewe", na jina asilitaje, ni nani mwenye haki ya kusema huyo "wewe" ni fulani? Mashabiki hubishana juu ya swali hili kwenye matatu, hotelini na hata baada ya ibada. Sisi tulio katika kazi ya sheria twajua kwamba swali hilo hilo limewahi kuwafikisha Wakenya kizimbani.

Tuanzie pwani, kwa kuwa huko jambo hili lina adabu yake ya miaka mingi. Katika taarab, mwimbaji akifika penye ubeti uliomchoma msikilizaji, msikilizaji huinuka, akaenda mbele taratibu, akamtunza mwimbaji noti mbele ya watu wote. Tangu hapo ubeti ule ni wake. Mpinzani wake aliyeketi upande wa pili anajua kuwa ameambiwa, na ukumbi mzima unajua. Huenda mtunzi aliyaandika maneno hayo miaka kumi iliyopita, akiwa na uchungu wake mwingine kabisa, na hamjui yeyote kati ya hao wawili. Hivyo wimbo mmoja waweza kuwa na walengwa wengi kama zilivyo noti zilizotunzwa usiku ule. Wazee walisema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Lakini hawakusema kwamba werevu wote watang'amua jambo moja.

Hali hii haiko kwetu peke yetu. Huko Marekani, Carly Simon alitoa mwaka 1972 wimbo wa kumsuta mwanamume mwenye majivuno, ambaye majivuno yake yatamfanya adhani kuwa wimbo unamhusu yeye. Kwa miaka mingi mashabiki walitaja jina hili na lile. Mwaka 2003 siri hiyo ilinadiwa kwa ajili ya hisani, na mnunuzi akalipa dola 50,000 ili anong'onezwe. Mwaka 2015 mtunzi mwenyewe akasema kuwa ubeti wa pili unamhusu Warren Beatty, na kwamba wako wengine wawili. Basi wale waliotafuta mtu mmoja kwa zaidi ya miaka arobaini walikuwa wakiuliza swali ambalo wimbo haukuwa na jibu lake.

Ndugu zetu wa kanisani wanayo mizani ya zamani zaidi. Nabii Nathani alipomwendea mfalme Daudi, alimsimulia habari za tajiri aliyempokonya maskini mwanakondoo wake wa pekee. Mfalme akawaka hasira, akamhukumu tajiri yule. Hapo ndipo Nathani alipomwonyesha kuwa tajiri wa hadithi ni yeye mfalme. Tuzingatie mpango wa jambo hili. Hukumu ilitoka kinywani mwa mkosaji kabla jina lake halijatajwa. Hiyo ndiyo nguvu ya fumbo: humpa msikilizaji nafasi ya kujiona, na anayejiona hana wa kumlaumu.

Wanamuziki wetu waliitumia nguvu hiyo wakati maneno ya wazi yalikuwa ya hatari. Joseph Kamaru alipoomboleza kuuawa kwa J. M. Kariuki mwaka 1975, redio ya serikali iliuzuia wimbo wake. Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa Shirati nchini Tanzania aliyeimba kwa Kijaluo, alitunga nyimbo za wanyama na za visa vya Biblia. Akatiwa mbaroni zaidi ya mara moja. Mnyama hana kiti serikalini. Ikiwa mwenye kiti amesikia habari za mnyama akatuma askari, ni nani aliyemtafsiria?

Mwaka 1990, baada ya vibanda vya Muoroto kubomolewa jijini Nairobi mwezi wa Mei, zilienea kanda za nyimbo za Kikuyu zilizolia machozi ya watu wale na kuiombea nchi. Polisi waliwakamata wachuuzi waliokuwa wakiziuza. Tuwatazame watu hao kwa makini. Hawakutunga wala kuimba. Mchuuzi aliuza kanda kama alivyouza betri na wembe, naye akaulizwa maana ya maneno ya mtu mwingine.

Sheria ya uchochezi ya siku hizo ilikuwa pana mno. Ilimhesabu mtu kuwa alikusudia matokeo yaliyofuata kwa kawaida kutokana na tendo lake. Maana yake ni kwamba hasira ya msikilizaji iliweza kutumiwa kuwa ushahidi wa nia ya msemaji. Kuwa na chapisho la uchochezi bila sababu ya kisheria lilikuwa kosa pia. Vifungu hivyo vilifutwa mwaka 1997, pamoja na marekebisho mengine yaliyotangulia uchaguzi wa mwaka ule.

Hata hivyo, tusidhani kuwa tafsiri ya msikilizaji haina uzito wowote wa haki. Katika sheria ya kashfa tuliyoirithi kutoka Uingereza liko shauri mashuhuri la Hulton na Jones, lililoamuliwa na mahakama ya juu kabisa ya huko na kuripotiwa mwaka 1910. Gazeti lilibuni mhusika aitwaye Artemus Jones, likamwandika kuwa mzee wa kanisa anayestarehe Ufaransa na mwanamke asiye mkewe. Akajitokeza wakili mwenye jina hilo hilo. Gazeti likasema halikumjua. Mahakama ikashikilia kwamba swali ni jinsi wasomaji wenye akili timamu walivyoelewa, na wakili akapata fidia ya pauni 1,750. Sheria, basi, humsikiliza msikilizaji. Lakini humtaka awe mtu wa busara, na humtaka mlalamishi athibitishe kuwa wasikilizaji wa namna hiyo walimwona yeye.

Wakati mwingine umati wenyewe ndio huubadilishia wimbo anwani. Mwaka 2002 vijana wawili, Gidi Gidi na Maji Maji, walijiimbia wenyewe kwamba hawatishiki. Muungano wa NARC ukauchukua ukawa wimbo wa kampeni. Na kile kibwagizo cha kanisani kinachosifu uwezo wa imani, wananchi waliondoa imani wakatia jina la rais aliyekuwa akiondoka. Waliofurahia hayo na wafurahie. Lakini tukubali kuwa maana ile ilikuwa ya umati, na umati ndio wa kuibeba.

Hapo ndipo penye hatari yetu ya leo. Fumbo lililomficha mnyonge asionwe na mwenye nguvu laweza pia kumficha anayelitukana kabila la jirani. Mwaka 2012 wanamuziki watatu walifikishwa mahakamani Nairobi kwa mashtaka ya matamshi ya chuki, kwa sababu ya nyimbo za Kikuyu. Kesi ya namna hiyo husimama au huanguka kwa tafsiri. Anayeitwa kufasiri mbele ya hakimu anashika uhuru wa mtu mkononi, na usalama wa jirani katika mkono wa pili.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, tuseme "nimesikia hivi", tusiseme "ameimba hivi", pale ambapo jina tumelitia sisi. Pili, mchuuzi asiulizwe maana; anayeshtaki na athibitishe. Tatu, kabla ya kumtaja mlengwa, tujiulize kama fumbo linamsuta mtu kwa tendo lake, kama Nathani alivyomsuta Daudi, au linawasuta watu kwa kuzaliwa kwao. La kwanza tulitetee hata kama limetuchoma sisi. La pili tusilipigie makofi hata kama limemchoma adui yetu.

Daudi alikuwa na askari wa kutosha kumnyamazisha nabii. Alipotajiwa jina lake hakuwatuma. Alikiri kosa lake. Watawala wetu, na sisi wenyewe, tutapimwa kwa hilo siku tutakaposikia wimbo ukatuingia.