Kivuli cha Mkrismasi Nyumbani
Hotuba juu ya kupanda miti



Leo twataka kusema nanyi juu ya mti mnaoufahamu sana kwa macho, yaani mkrismasi. Asili yake ni kisiwa cha Bukini. Huku kwetu maua yake mekundu huchanua mwezi wa Novemba na Desemba, ndiyo sababu ya jina lake.

Wengine huuliza, "Mti usiozaa chakula una faida gani?" Sisi twajibu: tazameni baraza ambapo wazee hukata mashauri juani. Saa sita haijafika, watu wamekwisha choka, na neno hukatwa kwa haraka. Haki yataka utulivu, na utulivu wataka kivuli.

Kuupanda si kazi kubwa. Mbegu zimo katika maganda marefu, mengine hufika futi 2. Kwa kuwa ngozi ya mbegu ni ngumu mno, zimwagieni maji ya moto sana, mziache humo hata kesho yake. Zilizovimba ndizo za kupanda. Mche ukifika futi 1, uhamisheni mvua zianzapo, katika shimo la futi 2 lililotiwa samadi iliyooza. Zungusheni miiba, maana mbuzi hawana adabu.

Lakini jambo la kuangaliwa zaidi ni mahali. Mizizi yake haizami sana; hutambaa karibu na uso wa nchi na kunenepa, hata ikapasua kuta na sakafu. Tena matawi yake huvunjika upesi kwa upepo. Basi mtu aupandaye karibu na ukuta, kwa kuwa leo ni mche mdogo, awaachia watoto wake shauri gumu: kuukata mti ama kuihama nyumba. Pimeni hatua 12 kutoka ukutani. Wala msiupande katikati ya shamba, maana mimea iliyo chini yake hudhoofika.

Wakati wa kiangazi hupukutisha majani. Msidhani umekufa mkautia shoka. Tena huweza kupita miaka 5 au zaidi kabla ya kutoa maua, basi mpandaji na awe na subira. Wahenga walisema, "Mchumia juani hulia kivulini."

Twawaomba basi, kila shule na kila baraza ipande mti mmoja mvua zijazo, nao watoto wapewe kazi ya kuutilia maji. Watakaoketi chini yake watawakumbuka.