Floti ya Wakala: Mzigo wa Uchumi wa Kidijitali Unabebwa na Nani?



Nimetakiwa nizungumzie teknolojia ya kidijitali na maendeleo ya Tanzania. Mihadhara ya namna hii huanzia juu: satelaiti, akili unde, mikongo ya baharini. Wenzangu wa uhandisi wataniwia radhi, maana mimi naanzia chini ya mwavuli wenye rangi za kampuni ya simu, penye meza, daftari la miamala, simu mbili tatu za kitochi na kijana aliyekalia stuli.

Mkongo siudharau. Kabla SEACOM haijafika Dar es Salaam mwaka 2009, na EASSy mwaka uliofuata, intaneti yetu ilitegemea satelaiti, tena ilikuwa ghali na ya kusuasua. Lakini pesa za simu hazikuusubiri mkongo. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, mwaka uliofuata ikawa kwetu, na hadi leo menyu yake hufunguka kwenye simu isiyojua intaneti ni nini. Kwa mujibu wa tafiti za FinScope, Watanzania wazima wanaotumia huduma rasmi za fedha walikuwa asilimia 65 mwaka 2017. Kufikia 2023 walikuwa asilimia 76. Wengi wao hawakupita mlango wa benki. Walipita kwa wakala.

Sasa tumtazame huyu wakala. Mtaji wake umegawanyika: fedha taslimu kwenye droo, na floti, yaani pesa ya kielektroniki, kwenye laini. Mteja akitoa, taslimu inapungua na floti inapanda. Akiweka, mambo yanageuka. Hesabu ni nyepesi mpaka msimu ubadilike. Chukueni Newala au Tandahimba, mwezi Novemba. Korosho zimeuzwa mnadani, malipo yameingia kwenye akaunti za wakulima, wengine wameyahamishia kwenye simu, na kila mmoja anataka kutoa. Haijafika saa sita, droo ni nyeupe. Wakala amejaa floti isiyoweza kumpa mteja hata noti ya elfu tano. Anafunga mwavuli, anapanda bodaboda, anapanga foleni benki, anarudi na bunda ndani ya mkoba huku akimwomba Mungu. Shule zikifunguliwa Januari, wazazi wanaleta taslimu ili wawatumie watoto walioko bweni, na safari hii kinachokauka ni floti.

Nauli ile ni yake. Noti bandia ikipenya, ni yake. Akivamiwa njiani, hasara ni yake. Malipo yake ni kamisheni. Hii ni miundombinu ya nchi, ila hamtaiona kwenye ramani yoyote ya Mkongo wa Taifa.

Kuna jambo tunalojivunia, na kwa haki. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana kuunganisha huduma zao za pesa, na mwaka 2016 Vodacom ikaingia. Mitambo ilikuwepo, kazi ngumu ilikuwa kukaa mezani na kukubaliana nani anamlipa nani, kiasi gani, na muamala ukikwama nani anajibu. Tangu hapo mteja anatuma kwenda mtandao wowote bila kuwaza. Wakala hakupata raha hiyo. Kwa kawaida bado anaweka floti ya peke yake kwa kila kampuni, yaani mtaji mdogo uliokatwa vipande vitatu au vinne, na kipande kinachohitajika ndicho kilichokwisha. Tulimfungulia mteja njia, tukamwacha mwenye kumhudumia nyuma ya ukuta.

Kisha ikaja tozo. Kuanzia tarehe 15 Julai 2021 kutuma na kutoa pesa kulitozwa kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kulingana na kiasi, juu ya ada za kampuni. Malalamiko yalikuwa makubwa hata Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye ikaendelea kulegezwa. Serikali ilieleza kwamba inataka madarasa na vituo vya afya, nami sina ugomvi na madarasa. Ugomvi wangu ni na kanuni yenyewe: anayemtumia mama yake elfu ishirini ya dawa hajapata faida yoyote ya kutozwa. Pesa inayopita si pato.

Nisionekane mtu wa kulaumu tu. Mpango wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa na sasa ni wa kitaifa, unaonyesha kitu kikipangwa vizuri kinavyofanya kazi. Mjamzito akipata dharura kijijini, familia au mhudumu hupiga 115 bure. Mratibu anachagua kituo kinachofaa, kisha anatafuta gari. Ambulensi ikiwa mbali, anaitwa dereva wa eneo hilo aliyesajiliwa mapema, na akishamfikisha mgonjwa analipwa kwa simu. Ubingwa hapa uko kwenye orodha ya madereva, bei iliyokubaliwa kabla ya usiku wa dharura, na dereva kuamini kwamba atalipwa. Hata hivyo kituo chake cha mafuta kikitaka taslimu, naye atakwenda kwa wakala.

Mikopo ya mitandaoni, ile mnayoiita kausha damu, nitaigusa tu. Novemba 2024 Benki Kuu iliyataja majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Simu iliyomfikishia mtu mkopo ndiyo iliyowatumia ndugu na wakwe zake ujumbe wa kumdhalilisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo. Wakopaji wachache mno wanaijua.

Pendekezo langu ni dogo kuliko mlivyotarajia kwa mhadhara wa uprofesa. Benki Kuu ina mfumo wa TIPS unaounganisha benki na kampuni za simu. Utumike kumpa wakala floti moja inayohudumia mitandao yote, na benki zikubali daftari lake la miamala liwe msingi wa kumkopesha mtaji wa msimu kabla ya korosho, pamba na kahawa kulipwa. Vijana wa shahada ya uzamili wanaosaka mada waanze hapo: wakaketi na mawakala wa wilaya moja msimu mzima, waandike droo inakauka saa ngapi na kila safari ya benki inamgharimu wakala shilingi ngapi. Kamisheni ya haki haitapangwa bila hesabu hiyo.