Dawa ya Kuwakinga Watoto na Kifua Kikuu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Liboi)



Leo hatukuja kusema juu ya mshahara, ingawa nao wangoja. Twataka kusema juu ya watoto wetu.

Mwenzetu mpakizi wa malori akionekana ana kifua kikuu, hupewa dawa ya miezi 6 bila malipo, naye hupona. Vema. Lakini usiku alikuwa akilala chumba kimoja na mtoto wa miaka miwili, na habari za mtoto huyo hakuna aziulizaye. Mtoto wa chini ya miaka 5 akivuta vijidudu vile huugua upesi kuliko mtu mzima, na ugonjwa huweza kupanda hata ubongoni. Chanjo ya BCG humsaidia, lakini haimkingi kabisa.

Dawa ya kinga ipo. Ya zamani ni isoniazidi, ambayo ilianza kutumika kwa kifua kikuu mwaka 1952. Mtoto huimeza kila siku kwa miezi 6. Siku hizi iko njia ya miezi 3, isoniazidi pamoja na rifampisini, katika kidonge cha watoto kiyeyukacho majini. Mkojo ukigeuka rangi ya chungwa msiogope, ni dawa tu. Wengine watatuuliza, mtoto anacheza, dawa ya nini? Ndiyo wakati wake huo! Akiwa anakohoa, ana homa, au hanenepi, apimwe kwanza, maana huenda ni mgonjwa tayari, na huyo ahitaji matibabu kamili.

Shida yetu hapa ni mvua. Ikinyesha, mama hufuata ngamia, pengine hata ng'ambo ya mpaka, na dawa hukatika. Jambo hili si geni. Huko Wajir, mwaka 1976, Annalena Tonelli, mama wa Kiitalia, alianza kuwakalisha wagonjwa wahamaji katika manyatta, wakimeza dawa wakitazamwa mpaka miezi yao iishe. Wale walikuwa wagonjwa. Mtoto wa kinga hahitaji manyatta. Ahitaji vidonge vya safari na kadi yake. Basi mwambieni mwuguzi kabla ya kuhama.

Tena, kibarua ampelekaye mtoto zahanati hukatwa mshahara wa siku nzima. Halmashauri itawaandikia matajiri barua juu ya hilo. Wenye watoto wa namna hiyo wamwone Katibu baada ya mkutano, faraghani, majina hayatasomwa.