Kijiko Kinachovua Samaki
Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima

Natumaini mwalimu amekwisha kuwagawia karatasi hizi. Anayetaka kufuata kwa macho afuate, na anayetaka kusikiliza tu asikilize.

Leo nitazungumza juu ya chambo cha bandia, yaani chambo kisicholiwa. Sizungumzi na wavuvi wa kazi. Hao wangeweza kunifundisha mimi. Nazungumza na yule ambaye siku ya mapumziko huketi gatini au huazima ngalawa ya jirani, akavua kwa kujifurahisha na kutafuta kitoweo cha jioni.

Mtu huyo ana taabu moja. Hununua ngisi au dagaa ili wawe chambo. Huwatia katika ndoana, samaki wadogo wakawadonoa, wakaisha. Jioni hurudi na kapu tupu. Ngisi wale wangeweza kupikwa nyumbani, kwa hiyo ametumia fedha ya kitoweo akakosa kitoweo. Chambo cha bandia hakimalizwi kwa kudonolewa.

Mtauliza: samaki ana wazimu gani hata ashike kijiko? Hana wazimu. Kolekole, nguru na mzia hula samaki wenzao. Samaki mdogo aliye mzima hukimbia upesi, na kumfukuza ni kazi. Lakini aliyeumia huyumba, tumbo lake jeupe likimetameta. Huyo ni chakula rahisi. Tena samaki hatumii macho peke yake. Ubavuni ana mstari wa vitundu vidogo, na kwa mstari huo huhisi maji yanavyotikisika. Basi kitu kinachometameta na kuyumba kama mgonjwa, hukidhani ni samaki mgonjwa.

Jambo hili lilimsaidia sana mtu mmoja wa nchi ya Ufini, huko kaskazini ya Ulaya. Jina lake Lauri Rapala, naye alikuwa mvuvi maskini. Aliona kwamba samaki wakubwa humwandama yule mdogo anayeogelea kombo. Mwaka 1936 alichonga samaki kwa gamba jepesi la mti, lile linalofanyiwa vizibo vya chupa. Alimvika karatasi ya kung'aa iliyofungia chokoleti, kisha akampaka picha za filamu zilizoyeyushwa ili maji yasipenye. Vitu hivyo vyote vilikuwa takataka. Kazi kubwa ilikuwa kumjaribu majini mpaka ayumbe sawasawa.

Sisi tutaanza na kijiko, kwa sababu kijiko kimekwisha kupindwa kiwandani. Tafuta kijiko cha chai kilichochakaa. (Tafadhali omba ruhusa kwanza. Vijiko vina wenyewe.) Kibane katika jiliwa, ukate mpini kwa msumeno wa chuma. Piga tupa pande zote mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa, maana ukingo mkali utakata mshipi.

Toboa tundu moja kila mwisho kwa keke. Kijiko cha alumini hutoboka hata kwa msumari na nyundo, lakini ni chepesi na hakitupiki mbali. Katika kila tundu tia pete ndogo ya waya mgumu. Upande mpana funga ndoana. Upande mwembamba funga mshipi. Nguru na mzia wana meno kama wembe, kwa hiyo kati ya kijiko na mshipi weka waya wa chuma wa urefu wa kama sentimita 30.

Sasa usikimbilie baharini. Hapa ndipo wengi huharibu. Chomeka kizibo katika ncha ya ndoana, uende penye maji machache yaliyo safi, ukivute kijiko pole pole huku ukikitazama. Kinayumba kulia na kushoto? Vizuri. Kinazunguka kama pia? Hicho kitausokota mshipi wako mpaka uwe fundo tupu. Punguza mwendo. Kikizidi kuzunguka, kigonge kidogo kipungue kupindika. Kama kimelala tu kama kipande cha bati, ongeza mwendo, au kipinde zaidi kidogo kwa koleo. Kijiko kilichopindika sana huyumba hata kwa mwendo mdogo, nacho chafaa gatini. Kilicho bapa chataka mwendo, nacho chafaa kurambazwa nyuma ya ngalawa yenye tanga. Badili jambo moja tu kila mara, ndipo ujue ni lipi lililosaidia.

Asiye na msumeno atumie manyoya meupe ya jogoo. Chukua sita au saba, uyafunge kwa uzi juu ya shina la ndoana, ncha zikielekea nyuma. Kaza vizuri, upake vanishi juu ya uzi, uache ikauke usiku kucha. Ukitaka uzito, pitisha nati ya chuma katika mshipi mbele ya manyoya.

Nati, nasema, wala si risasi ya kuyeyushwa. Wako watu wanaoyeyusha risasi za betri katika sufuria ya jikoni. Moshi wake na vumbi lake ni sumu, na sumu hiyo huwadhuru zaidi watoto wadogo, katika akili na katika kukua. Sufuria ile hata ikisuguliwa haifai tena kwa chakula. Ndoana nazo zisiachwe juu ya mkeka watoto wanapopita miguu mitupu. Ziwekwe katika kopo lenye kifuniko.

Tena msitazamie kila samaki. Tasi hula majani ya baharini. Hata ukimletea kijiko cha fedha hatageuka. Kijiko ni cha samaki mwindaji, na nyakati nzuri ni alfajiri na magharibi.

Mwalimu sasa ataandika ubaoni maneno haya: ndoana, mshipi, tupa, keke, pete, kuyumba. Kila mmoja ayanakili, kisha aandike sentensi tatu akieleza jinsi ya kujaribu kijiko majini. Juma lijalo mwenye kijiko alicholeta kutoka nyumbani aje nacho, na mwenye jiliwa atuazime.